Tangi la Maji Lilipostaafu

Jana usiku, nikiwa nimejikunja kwenye kochi la shemeji yangu hapa Morogoro, niliota kwamba mimi na mke wangu tumeshahamia Pumziko Jema.

Pumziko Jema ni mtaa wa wastaafu, nje kidogo ya mji, chini ya milima. Jina hilo nililikataa tangu siku ya kwanza. Nilisema linafaa makaburi. Mke wangu Skolastika akanijibu kwamba hata makaburini hakuna ngazi nyingi kama kwetu. Sisi tunaishi Dar es Salaam, ghorofa ya nne, na lifti ya jengo letu haifanyi kazi. Magoti yake yamechoka. Tangu Pasaka ameshuka chini mara mbili tu, na kurudi juu alibebwa akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mimi mbele, mlinzi nyuma. Nami nilikuwa fundi wa lifti maisha yangu yote ya kazi. Watu wakituona kwenye ngazi huwa wanageuza nyuso ili wasicheke.

Basi tulikuja Morogoro kununua nyumba. Tuliipenda. Haina hata kizingiti. Kilichonikwaza ni vitu viwili vilivyoandikwa mwishoni mwa mkataba: ada ya hatifungani ya miundombinu na matunzo, na mchango maalumu. Bi. Fausta, muuzaji wa kampuni, alivisoma mbiombio, na nilipomuuliza maana yake akasema ni mambo ya kawaida. Bi. Fausta zamani alikuwa mtangazaji wa uwanja wa ndege. Kwa kila anachosema unajihisi umechelewa.

Usiku tukabishana. Nikasema tusubiri.

"Subiri wewe, Baba Editha," Skolastika akasema. "Magoti yangu hayasubiri."

Akaenda kulala chumbani na dada yake. Mimi nikabaki na kochi.

Ndotoni ni asubuhi. Nafungua mlango wa nyumba mpya. Sebuleni amekaa mzee anakunywa chai.

Ana ndevu nyeupe na suti nyeusi iliyotengenezwa kwa lami. Mkono wake wa kushoto ni bomba la maji. Kila akimeza chai, nasikia kitu kinatiririka chini ya sakafu, kinapita, kinakwenda mpaka kwa jirani.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Usiniamkie," akajibu. "Mimi nina miaka kumi na miwili. Shikamoo wewe."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Hatifungani."

"Nani kakufungulia mlango?"

"Sikufunguliwa. Nilikuwemo. Mimi huja na kiwanja."

Skolastika akatoka jikoni, anatembea vizuri kabisa, kashika kopo. "Baba Editha, usisimame hapo kama nguzo. Mgeni anataka sukari."

"Mimi si mgeni, Mama," mzee akamsahihisha kwa upole. "Mgeni huondoka."

Nikakaa. Akanieleza mwenyewe bila haraka. Kampuni ilipotaka kuchonga barabara, kuchimba mitaro na kulaza mabomba, haikuwa na fedha. Ikakopa kwa watu. Mkopo huo ndio yeye. Alipozaliwa alikuwa mrefu kupita mnara wa simu, na kwa kuwa hakuna nyumba ambayo ingemtosha, walimkata vipande, kila kiwanja kikapewa kipande chake. Sisi tumepata hiki chenye ndevu.

"Na tukiuza nyumba?" nikauliza.

"Mnakwenda salama. Mimi nabaki hapahapa, namngoja anayekuja. Ila mwambieni mapema kwamba nipo. Si vizuri mtu kunikuta tu, kama ulivyonikuta wewe."

"Unakula?" Skolastika akauliza. Ndilo swali lake la kwanza kwa mtu yeyote.

"Mara moja kwa mwaka. Lakini nakula."

Siku yenyewe ikawa ni leo. Skolastika analeta sinia la pilau. Mzee analimaliza. Kisha ananyoosha lile bomba lake, anachomoa pensheni kwenye mfuko wa shati langu, anaitafuna taratibu kama mchicha. Anafuta ndevu. Namtazama miguu: ilikuwa chini, sasa inaning'inia. Amekuwa mfupi.

"Umepungua," nikamwambia.

"Ndiyo kazi ya chakula. Mkinilisha, napungua. Msiponilisha, nanenepa."

Skolastika akasema amepokea wageni wengi katika ndoa hii, wakiwemo ndugu zangu, lakini wa namna hii bado. Mzee akamwomba tena asimwite mgeni. Akasema akifika miaka ishirini atakuwa mdogo kama kidonge, tutammeza kwa maji, habari yake itaishia hapo.

"Na mtu akitaka uishe leo?"

"Aniletee sahani zote zilizobaki kwa mpigo. Nakula, nafutika, hata kikombe hamtaosha. Wengine hufanya hivyo wakishapata kiinua mgongo."

Nikaanza kumpenda. Anajieleza kuliko Bi. Fausta. Ndipo kitu kikanidonoa kidole cha mguu. Chini ya meza alikuwepo bata, mnene, ametulia.

"Na huyu?"

"Huyo ni Matunzo. Kwenye mkataba wametuandika mstari mmoja, watu wanadhani sisi ni kitu kimoja. Mimi nitakwisha. Yeye hatakwisha."

"Taa za barabarani ni mimi," bata akasema. "Majani ni mimi. Kuzibua mitaro ni mimi. Nakula kila mwezi, na kila mwaka naongezeka kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Inategemea bei ya mafagio."

Nilitaka kumuuliza zaidi, lakini kabati la vyombo likafunguka, Bi. Fausta akatoka humo na kipaza sauti.

"Tangazo. Wakazi wote wa Pumziko Jema mnaombwa kufika ukumbini. Tangi la maji linastaafu. Narudia. Tangi la maji linastaafu."

Ukumbi ulikuwa palepale, nyuma ya pazia letu la sebuleni. Tunaingia. Wazee wamejaa, kila mmoja na mto wake wa kukalia. Mbele kabisa limekaa Tangi lenyewe, zege tupu, pana, na miguu minne mifupi, imefunikwa shuka. Limevaa miwani.

"Ndugu zangu," Tangi likasema, na sauti yake ikawa na mwangwi. "Nimesimama tangu mtaa huu unaanza. Nimewaona mkiletwa hapa mmoja mmoja. Nimewaona mkiota jua barazani, mkilala mchana, mkilaumu chumvi. Nikajiuliza, hawa wana nini ambacho mimi sina? Nimefikisha umri. Nina ufa ubavuni. Na mimi nataka nyumba isiyo na kizingiti."

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akalia. Ukumbini hapakuwa na mtu ambaye angeweza kupinga, maana wote tulishawahi kuandika barua ileile ya kustaafu.

"Kwa kuwa tangi jipya halikutarajiwa," Bi. Fausta akatangaza, "tunaomba uletwe mfuko wa akiba."

"Halikutarajiwa na nani?" Skolastika akauliza. "Tangi lipi halizeeki?"

"Swali limepokelewa. Litaondoka baadaye kidogo."

Mfuko ukaletwa juu ya sinia, umefunikwa kitambaa cha kufuma. Ulikuwa mfuko kweli, wa kitambaa, wenye kamba. Bi. Fausta akaulegeza, sote tukainama kutazama. Ndani alikuwemo mende mmoja. Akaziba macho kwa mguu.

"Fungeni," akasema. "Nimelala."

"Mbona mtupu?" nikauliza.

"Mfuko mwepesi unauzika," Bi. Fausta akajibu. "Tungewaambia wanunuzi waujaze kila mwezi, wangekimbilia mtaa mwingine. Kwa hiyo, tangazo. Kuanzia sasa kila nyumba inatozwa mchango maalumu. Tangi la zamani litaagwa, jipya litapokewa. Kadi ziko za mtu mmoja na za watu wawili."

Akaanza kugawa kadi zenye maua pembeni, kama za harusi. Yangu ilikuwa nzito hata nikaipokea kwa mikono miwili. Nikasimama nikadai kura ipigwe.

"Kura," Bi. Fausta akasema. "Wanaokubali?"

Wazee wachache wakanyoosha mikono. Nikafurahi. Kisha nikasikia mchakacho nje. Nageuka dirishani. Majani yamesimama. Viwanja vyote visivyouzwa vimenyoosha mikono, nyasi ndefu, safi, mpaka kwenye ukingo wa mlima. Kichuguu kimoja kimenyoosha miwili, kinaambiwa kishushe mmoja.

"Viwanja visivyouzwa vina kura," Bi. Fausta akaeleza, "na kura zake ni za kampuni, mpaka nyumba nyingi zipate wenyewe. Mchango umepita."

"Mimi silipi!"

Hapo nikahisi navutwa. Nyumba yetu ilikuwa imetufuata ukumbini bila mimi kujua, na imeninasa shati kwa kitasa cha mlango.

"Sina ugomvi na wewe, Mzee," nyumba ikasema kwa sauti ya chini, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama. "Lakini usipolipa, sitauzika. Nitakushika hivihivi."

"Mwenyekiti, tunaomba nafasi," ikasema sauti nyingine.

Ilikuwa goti la kulia la mke wangu. Lina heshima, hata nyumbani. Bi. Fausta akaliruhusu.

"Sisi tunashukuru kwa hatua iliyofikiwa," likaanza. "Tungeomba tu Baba Editha atazame—"

"Tumechoka na huyu mzee!" goti la kushoto likadakia. "Anahesabu senti, sisi tunahesabu ngazi!"

Skolastika akayafunika kwa kanga, akatazama pembeni. Alikuwa ameona aibu, lakini hakuyakanusha.

Tangi likavua miwani. "Naona kuna maneno. Kama hakuna mchango, mimi naondoka sasa hivi." Likakunja shuka lake, likasimama, likatoka kwa mlango wa nyuma. Na maji yote ya mtaa yakalifuata. Yalitoka kwenye mabomba nyumba kwa nyumba, yakapanga mstari barabarani, kila moja na kifurushi chake kidogo.

Nikataka kukimbilia mlangoni. Sakafu ikazama chini ya miguu yangu.

Niko ndani ya lifti yetu ya Dar es Salaam. Naijua kwa harufu na kwa kioo kilichopasuka.

"Umefika, fundi," lifti ikasema.

"Wewe si ulikufa?"

"Sikufa. Nimekaa. Nangoja kifaa kimoja."

Nilikijua kifaa hicho. Nilishawaambia majirani nitakifunga bure, tuchange tu fedha ya kukinunua. Wa chini wakasema wao hawapandi. Wa ghorofa ya kwanza wakasema ngazi ni mazoezi. Wa tatu wakasema watatoa wa chini wakishatoa. Kikao kikadumu mpaka chai ikaisha, na kila mtu akarudi kwake kwa miguu.

"Kwenu hapakuwa na Hatifungani," lifti ikasema. "Hapakuwa na bata. Hapakuwa na mtu wa kumtoza mwenzake mchango maalumu. Mlikuwa huru kabisa. Sikiliza."

Nikasikiliza. Huko juu, Skolastika alikuwa anakohoa. Kisha nikaona kikapu kinateremka kwa kamba mbele ya mlango wa lifti, kile anachoshushia fedha akinunua mboga. Ndani hakuna fedha. Kuna viatu vyake vya kanisani. Vyeusi, vimepigwa dawa, na soli zake zilikuwa mpya.

Kikapu kikasimama mbele yangu, kikazunguka kidogo, kikaendelea kushuka. Nilinyoosha mkono nisikifikie. Nikalia, na lifti ikawa na adabu, ikaningoja nimalize.

"Nirudishe ukumbini," nikaiambia.

"Siwezi kupanda."

"Si kupanda. Ni Morogoro."

"Aa. Hiyo sawa."

Ikaenda kwa ubavu, polepole, tunapita mashamba ya mkonge, watu wanatupungia. Mlango ukafunguka kwenye lango la Pumziko Jema.

Skolastika alikuwa amelidaka Tangi. Halikuwa limefika mbali, nalo pia miguu inalisumbua. Amelishika ngazi yake ya chuma, wote wawili wanahema.

"Mzee mwenzangu," akaliambia, "umechoka, nimekubali. Lakini mstaafu gani anaondoka bila kukabidhi ofisi?"

Tangi likafikiri. Maji yaliyokuwa nyuma yake nayo yakafikiri.

"Hilo sikuliwaza," likasema.

"Kaa kwa mkataba wa muda, mpaka mwenzako aje. Wakubwa wote hufanya hivyo."

"Na ufa wangu? Nalala na maumivu."

Skolastika akafungua pindo la kanga, akatoa kipande cha sabuni ya mche. Akakikanda kwa mate mpaka kikalainika, akakishindilia kwenye ufa kwa dole gumba. Tangi likashusha pumzi ndefu. Maji yakageuka, yakaanza kurudi kwenye nyumba, yanaamkia watu njiani.

"Sabuni umeitoa wapi?" nikamuuliza.

"Ya dada. Nitamrudishia."

Hatifungani alikuwa amekuja mpaka langoni kushuhudia, na bata kwapani. Nikamwambia bado nina maswali, tena mengi. Akanisikiliza, kisha akatikisa kichwa.

"Hayo muulize Bi. Fausta akiwa macho."

"Kwani amelala?"

"Wote mmelala," akasema.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani na shingo imekakamaa kwa sababu ya lile kochi. Skolastika amekaa kwenye kiti mkabala nami, ameshavaa, mkoba mapajani. Anasugua dole gumba lake la kulia kwenye kanga, kama mtu anayefuta kitu. Sikusema neno kuhusu ndoto. Yeye naye hakusema.

"Twende," nikasema. "Lakini leo nauliza mpaka nielewe."

"Uliza, mume wangu. Mimi nitakaa."

Tukaenda ofisini. Bi. Fausta akafungua mkataba, mimi nikaufunga. Nikamuuliza hatifungani imebakiza miaka mingapi. Akasema minane. Inaweza kulipwa yote mara moja ikaisha? Inaweza. Tukiuza, inabaki na nyumba? Inabaki. Na ile sehemu ya matunzo, inaisha lini?

Bi. Fausta akaweka kalamu chini, kama anayetangaza kwamba ndege imeahirishwa. "Haiishi, Mzee," akasema, kwa mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida. "Umeelezwa na nani?"

"Na mwenyewe," nikasema. "Mfuko wa akiba una nini?"

Akatazama mezani. Akakiri ni mdogo. Nikamuuliza kura za mchango maalumu ziko kwa nani, akasema nyingi bado ziko kwa kampuni. Nilishangaa kwamba sikukasirika. Nilimtazama mke wangu, ameweka mikono juu ya magoti, anasubiri, nikajua kwamba nyumba hiyo naitaka. Nilichokuwa nakiogopa ni kuinunua gizani.

"Tunaomba kuliona tangi la maji," Skolastika akasema.

"Tangi lina nini, Mama?"

"Tunaomba tu kuliona."

Tukapelekwa kwa gari. Lilikuwa nyuma ya ukumbi, zege tupu, pana, juu ya miguu minne mifupi. Tukazunguka upande wa mlimani. Usawa wa kifua cha mtu palikuwa na ufa, mrefu kama mkono wangu, na katikati ya ufa kimeshindiliwa kipande cha sabuni. Tone moja moja lilikuwa linadondoka chini yake.

Bi. Fausta akamwita mlinzi. Mlinzi akaapa kwamba lango lilifungwa tangu jana jioni na hakuna aliyeingia. Ufa wenyewe, akasema, hajawahi kuuona.

Nikamwambia Bi. Fausta tutaweka sahihi, kwa sharti moja liandikwe: tangi litengenezwe sasa, kwa gharama ya kampuni, si kwa mchango wa watakaohamia. Akatazama ule ufa kwa muda. Akaenda kwenye gari, akatandaza mkataba juu ya boneti, akaanza kuandika kwa mkono.

Skolastika akasogea kwenye tangi bila kunitazama. Sabuni ilikuwa na kishimo cha dole gumba. Akaingiza lake. Lilikaa sawasawa, ukucha na vyote.

Akabonyeza kidogo. Tone likaacha kudondoka.